Steringi wa Kike Kaibukia Kwenye Belo

Mwanjelwa mwezi wa saba, saa moja kasoro asubuhi. Baridi ya hapa Mbeya haina adabu wanangu, inapenya sweta mbili na bado inakuuliza kama una ya tatu. Ila ukisikia kuna belo linachanwa, utatoka tu kitandani. Zile kamba zikikatwa, belo linashusha pumzi kama mzee aliyelegeza mkanda baada ya pilau la harusi, halafu mikono inazama. Masela wanagombania majaketi. Madada wanawinda sweta za kuvimbia chuo. Mimi na ushamba wangu nasubiri fulana zenye picha za kizamani, zile ambazo wengine wanaziruka kama dimbwi.

Mchizi wangu muuza mitumba tulikaa dawati moja shule ya msingi. Mpaka leo ananiita "mwandishi" kwa kejeli, kwa sababu anajua mwandishi mfuko wake ukoje. Siku hiyo akachomoa fulana ya kijivu, akaikung'uta, akanionesha. "Mwandishi, zali lako hili."

Picha imefifia kidogo, rangi za zamani. Pisi ya Kizungu, kigauni kifupi, inarukia kwenye mzizi wa mti unaoning'inia, na nyuma yake mabandidu wawili wametoa macho. Kwenye kona kuna bei, senti 10. Na juu kabisa, herufi nyekundu kubwa kama tangazo la mkutano wa injili: NYOKA.

Mama mmoja wa viazi aliyekuwa anapita na debe lake akasimama. "Heee! Fulana imeandikwa Nyoka? We baba, hata unipe bure. Nivae nyoka mgongoni, usiku nilale naye?" Wateja wakacheka, wakasogea pembeni kiaina. Hapa Mbeya mambo mengine watu wanayacheka huku wanapiga hatua mbili nyuma. Mchizi alikuwa ameanzia buku saba. Kufika saa nne, buku tano.

"Mwanangu, hii kitu imekula kwangu," akasema.

Nikamwambia hajui alichoshika. Huyo ni steringi.

Sasa tuelewane. Sheria ya banda la video ni moja, kuanzia Kabwe mpaka Kariakoo: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na mamba, ila mwisho wa mkanda atatoka na shati limechanika vizuri tu. Sisi tuliokulia mabanda ya shilingi hamsini, tukisikiliza sauti ya Lufufu ikitafsiri Wachina kwa Kiswahili cha kitaa, hatukuhitaji kuelezwa nani atabaki. Swali lilikuwa moja ukiingia umechelewa: "Steringi yupi?" Na jibu lilikuwa mwanaume, siku zote. Demu kazi yake ilikuwa kutekwa, na kupiga kelele pale ambapo steringi anataka kunyata.

Ndiyo maana siku nilipokutana na katuni za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 nilidata. Kumbe kitambo kile, kabla hata bibi yangu hajaolewa, kulikuwa na lundo la masteringi wa kike. Wanapigana na chui, wanaendesha ndege, wanakimbizana na majasusi. Na wengi wao, skia hii, walikuwa wanaishi kwetu. Afrika. Porini. Ila pori la kuchorwa New York.

Tuanze na huyu wa kwenye fulana. Mwaka 1941 kampuni ya Republic ilitoa filamu ya vipande 15, Jungle Girl, na steringi wake ni binti anaitwa Nyoka. Jina la filamu walilichukua kwenye kitabu cha Edgar Rice Burroughs, yule mzee wa Tarzan, ila kitabu chenyewe kinasimulia mambo ya Kambodia na hakina Nyoka yeyote ndani. Watoto walikuwa wanalipia kipande kimoja kila wiki. Kipande kinakatika pale pabaya kabisa, kamba imebaki uzi mmoja, chini ni korongo. Njoo wiki ijayo. Mwaka 1942 ikafuata Perils of Nyoka, vipande 15 vingine, na safari hii hata adui mkuu alikuwa mwanamke, Vultura, anayetembea na gorila wake kama wengine wanavyotembea na pochi. Kampuni ya Fawcett ikaona huu ni mchongo, ikamwingiza Nyoka kwenye vitabu vya katuni, akadumu hadi 1953.

Kinachonichekesha ni jina. Neno la Kibantu, linalosikika kuanzia Lamu mpaka kwa Wazulu, mtu kaliokota huko akambandika binti wa Kizungu, watu wakaona ni jina zuri, tamu, la kigeni. Huku kwetu binti ni Sekela, ni Atupele, ni Neema. Mwite Nyoka uone kama mchungaji hajaahirisha ubatizo.

Ila mama lao ni Sheena. Will Eisner na Jerry Iger ndio waliomtengeneza. Akaanzia gazeti la Wags huko Uingereza, halafu Septemba 1938 akatua Marekani kwenye Jumbo Comics namba 1 ya kampuni ya Fiction House. Mwaka 1942 akapewa kitabu chenye jina lake mwenyewe, na hapo akamtangulia Wonder Woman kwa miezi michache tu. Yatima wa Kizungu, baba yake mpelelezi wa mapori kafia Afrika, mtoto kalelewa na mganga anaitwa Koba. Amevaa ngozi ya chui, kisu kiunoni, anaongea na wanyama. Ana bwana wake, Bob, na kazi kubwa ya Bob ni kutekwa. Yaani mwamba mzima, buti na kofia, kila toleo yuko kwenye kamba anamsubiri demu wake aje amfungue. Kwa hilo tu, Sheena kwangu ana heshima yake.

Eisner alikuja kusema jina alilipata kwenye She, riwaya ya H. Rider Haggard ya 1887. Humo kuna malkia asiyekufa anayetawala huko ndani, ukitokea pwani ya Afrika Mashariki, na jina lake ni Ayesha. Asha, wanangu! Asha wetu wa Tanga, kapelekwa London, kapewa maisha ya milele, halafu karudi kwenye katuni ana nywele za njano na hajui hata kusalimia.

Na hapo ndipo ninapokwama. Ukifungua kurasa zile za katuni, wenyeji wapo wengi, wamebeba mizigo, wamebeba mikuki, wamesimama nyuma. Wote sura moja, kama mchoraji alikuwa na mhuri. Wanaogopa kila kitu. Mvua ikinyesha, wanamkimbilia Sheena. Hakuna hata binti mmoja wa kijijini aliyepanda mti akaruka. Nimezaliwa nauona Mlima Loleza kila asubuhi, na wasichana niliowaona wakishuka kule na mizigo ya kuni vichwani, kwenye utelezi wa mwezi wa tatu, miguu ya ndala, wanapiga stori kabisa, wasingemsubiri mtu wa kuwafungulia kamba.

Lakini kuna ubuyu wa nyuma ya pazia ambao ni mtamu kuliko katuni zenyewe.

Mwaka 1944 kijana mmoja wa miaka 22 alipata kazi kwenye karakana ya Iger. Jina lake Matt Baker. Jeshi lilimkosa kwa sababu ya moyo mbovu. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mtu wa mapigo, suti imenyooka. Kazi yake ya kwanza kuchapwa ilikuwa hadithi ya Sheena. Na Matt Baker alikuwa mtu mweusi. Malkia mweupe wa pori la Afrika alikuwa anatoka kwenye kalamu ya kijana mweusi ambaye, kwenye majimbo mengi ya nchi yake, asingeruhusiwa kukaa meza moja na hao wasomaji wake. Alifariki 1959, ana miaka 37. Sijui alikuwa anawaza nini akichora wale wabeba mizigo wa nyuma. Natamani ningemnunulia kahawa nimuulize.

Wanaume walipoitwa vitani, Fiction House ikajaza viti na wanawake. Mmoja ni Lily Renée, binti Myahudi wa Vienna aliyetoroka Wanazi mwaka 1939 akiwa kigoli, akapitia Uingereza kabla ya kufika New York. Walianza kumpa kifutio: kazi yake kufuta penseli za wenzake. Baadaye wakamkabidhi Señorita Rio, jasusi anayewanyoosha Wanazi huko Amerika ya Kusini. Hebu piga picha: mkimbizi wa kweli amekaa mezani, anawachapa kwa wino watu waliomfukuza kwao. Alikuwa anasaini L. Renée, basi wasomaji wakawa wanamwandikia barua za "Bwana Renée." Alifariki 2022, ana miaka 101. Huyo sasa ndiye steringi hafi.

Mwenzake June Tarpé Mills aliikata June kabisa ili asijulikane ni mwanamke. Aprili 1941 alianzisha Miss Fury kwenye magazeti, na mwanzo wa ile hadithi ungeweza kutokea hapahapa mtaa wa pili. Tajiri mmoja, Marla Drake, anajiandaa kwenda sherehe ya mavazi. Anapigwa taarifa kuwa kuna demu mwingine anakuja na vazi lilelile. Mwanamke yeyote wa Mwanjelwa aliyewahi kugongana kitenge ukumbini anajua huo msala. Marla hana muda wa kushona, anafungua sanduku, anatoa ngozi nyeusi ya chui aliyoachiwa na mjomba wake, vazi la mganga kutoka Afrika, anajitupia, anatoka. Njiani anakutana na majambazi. Maisha yake hayakurudi nyuma tena. Yote yameanza na kugongana nguo! Na ukiangalia vizuri, lile ni vazi la mtumba, tena mtumba uliotoka kwetu kwenda kwao.

Wonder Woman mnamjua, sitakaa sana. Alitokea mwishoni mwa 1941, kazi ya William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyehangaika na kipimo cha kumbaini mwongo kwa shinikizo la damu. Ndiyo maana demu ana kamba ya kukufanya useme ukweli. Marston aliishi na wanawake wawili chini ya bati moja, mkewe Elizabeth na Olive Byrne, watoto wa pande zote wakilelewa pamoja, na bangili pana za Olive ndizo zilizohamia mikononi mwa Wonder Woman. Wazee wa Rungwe wangesikia hilo wasingestuka hata kidogo, wangeuliza tu mashamba yaligawanywaje. Kilichoniuma ni kingine. Mwaka 1942 waliandikwa wakimkaribisha kwenye chama cha mashujaa, Justice Society, na cheo walichompa ni katibu. Demu anazuia risasi kwa bangili, wanaume wanaenda vitani, yeye abaki kuandika mihtasari. Mnacheka, ila nenda kikao chochote cha harusi hapa mjini uangalie nani ameshika daftari.

Anayestahili muda ni Jackie Ormes. Mwaka 1937, kwenye gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier, mwanamama huyu mweusi alianza kuchora Torchy Brown, binti wa Mississippi anayetoroka shamba kwenda Harlem kusaka usupastaa. Kwenye treni kuna behewa la weupe na behewa la weusi, kibao kimeandikwa wazi. Torchy anajifanya hajui kusoma, anakaa kwa weupe. Hakuna ngozi ya chui wala gorila, lakini hiyo ndiyo safari ya hatari kwa mtu mwenye rangi yetu mwaka ule. Torchy aliporudi miaka ya 1950, Ormes alikuwa anaweka pembeni mwanasesere wa karatasi na nguo zake, wasichana wanakata kwa mkasi wanamvalisha. Mitindo mikali! Dada yangu mdogo alivyoona picha zile kwenye simu yangu, hakuuliza historia. Aliuliza fundi gani anaweza kumshonea lile koti.

Jioni niliipeleka picha ya fulana kwa mjomba. Mzee wa reli huyo, kaitumikia Tazara mpaka mgongo ukapinda, sasa hivi kazi yake ni kuota moto na kubishana na redio. Nikampa shikamoo, nikampa simu. Akaiangalia kwa mbali, kwa karibu, akarudisha.

"Marahaba. Huyu simjui. Sisi tulikuwa na Spear."

Hapo nilikuwa nimekanyaga waya. Lance Spearman, jasusi wa gazeti la African Film, la kampuni ya Drum, mwishoni mwa miaka ya 1960. Halikuwa la kuchora, lilikuwa la picha za kupigwa, na maneno yamewekwa juu kama katuni. Mtu mweusi, kofia ya Panama, sigara nene, ndinga aina ya Stingray. Afrika Mashariki nzima ilikuwa inamuhusudu. Mjomba akasimama kabisa kunionesha Spear alivyokuwa anashika bastola, shuka la Kimasai likimwanguka begani.

"Na mwanamke hakuwepo, mjomba?"

"Sonia!" Akakaa. Akatabasamu mwenyewe, akautazama moto. "Sonia alikuwa msaidizi wake. Mrembo, halafu anapiga watu. We acha."

"Alikuwa na gazeti lake?"

Mjomba akaniangalia kama nimeuliza kama injini ya treni ina mapera. "Gazeti la Spear hilo. Sonia alikuwa ndani."

Ndiyo hivyo. Alikuwa ndani. Hata tulipokuja kutoa vya kwetu, stori ni ileile. Gazeti la Sani, jina lililotokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilitupa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge. Nimecheka na hao jamaa hadi mbavu zikaomba likizo, na sitaki mtu awaguse. Ila hebu taja wa kike mmoja aliyekuwa anaongoza stori. Mimi nimekaa nimewaza daladala nzima kutoka Uyole hadi Mafiat, foleni yote ile, sijapata.

Sasa nije kwenye ile stori ambayo kila nikiisimulia kijiweni watu wanadhani nimelewa.

Mwaka 1984 Hollywood ilitoa filamu kubwa ya Sheena, waliyokuja kuipigia Kenya. Pori la kweli sasa. Steringi ni Tanya Roberts, Mmarekani wa nywele za njano. Sheena anapanda punda milia, ila punda milia hapandiki, ana hasira za mwenye nyumba. Wakachukua farasi, wakampaka mistari. Nairobi pale, mbuga zimejaa punda milia halali, wao wanamsugua farasi rangi. Filamu iliangukia pua, ikaishia kupendekezwa kwenye tuzo za Golden Raspberry, zile za filamu mbovu za mwaka.

Lakini angalia aliyecheza mganga, yule mlezi wa Sheena. Ni Elizabeth Bagaaya, binti wa mfalme wa Toro, Uganda. Huyu mama kazaliwa 1936. Kasoma Cambridge. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili Uingereza. Akageukia mitindo, akapiga picha za Vogue na Harper's Bazaar, yaani pisi kali iliyosomea sheria. Mwaka 1974 Idi Amin akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje, akahutubia Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo Amin akamgeuka, akamtimua kwa tuhuma za kumchafua, akamweka chini ya ulinzi. Mwaka 1975 akatoroka, akavuka mpaka kuingia Kenya.

Subiri kwanza. Binti mfalme, wakili, mwanamitindo, waziri, kamtoroka Idi Amin. Idi Amin! Mtu huyo yuko pale, kwenye eneo la kupigia filamu, anasubiri zamu yake, na stori wanayoipiga ni ya mwanamke jasiri wa Afrika. Halafu steringi ni yule aliyekaa juu ya farasi wa rangi.

Mjomba nilipomsimulia hilo, alinyamaza kidogo, akasukuma kuni. Akasema, "Amin namjua. Mwaka sabini na nane tulikuwa tunapakia askari." Akaishia hapo, na mimi mzee akiishia hapo huwa siongezi.

Mtauliza, walikwenda wapi wale masteringi wa kike wote? Kilichowamaliza kilikuwa mhuri. Marekani ya baada ya vita iliingiwa hofu kuwa katuni zinaharibu watoto. Desemba 1948, Binghamton, New York, watoto wa shule walikusanya katuni zao nyumba kwa nyumba, zikapigwa kiberiti uwanjani. Sisi Mwanjelwa moto tunaujua. Soko letu liliteketea mwaka 2006, la Sido nalo likaja kuungua, tena si mara moja, na mtu aliyewahi kuona belo zima likigeuka majivu hawezi kutazama picha ya watoto wanaoshangilia vitabu vikiungua halafu akala chakula chake kwa amani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham akatoa kitabu, Seduction of the Innocent, na mojawapo ya picha alizozishika kama kidhibiti ni jalada la katuni ya Phantom Lady la mwaka 1948, mkono wa Matt Baker yuleyule. Daktari mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kliniki ya bei chee kwa watu weusi wa Harlem. Ila mwaka huohuo wachapishaji, kwa kuogopa serikali, wakajitungia kanuni na mhuri wake. Kitabu kisicho na mhuri, wauza magazeti hawakigusi. Jumbo Comics na Nyoka walikuwa washafunga duka 1953. Wenzao waliobaki wakafungwa vifungo vya shati, kisu kikawekwa kabatini, na kurasa zikajaa mabinti wanaolia kwa sababu ya mapenzi. Steringi hafi, ila anaweza kuolewa akasahaulika.

Nisije nikaonekana nalia tu, vitu vipo. Wakenya wana Shujaaz tangu 2010, ya bure, ya Sheng, na ndani yumo Maria Kim ambaye hasubiri mtu. Machi 2021 ikatoka Super Sema, katuni ya binti mwenye akili ya kuunda mitambo, na Lupita Nyong'o ana mkono wake humo. Watoto wa jirani yangu wanaiangalia kwenye simu ya mama yao hadi chaji inakata. Fresh kabisa. Mimi nataka ya karatasi, ya kukunja mfuko wa nyuma, inayouzwa pale Kabwe pembeni ya karanga.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Mwanjelwa saa kumi jioni. Fulana bado ipo, imening'inizwa kwenye kona ya mwisho, upande wa nguo za kupigia deki. Buku tatu.

Nikawa nimekaa kwenye ndoo ya mchizi, namalizia hindi la kuchoma, akaja dogo wa kike, kama wa kidato cha pili hivi, sare ya shule, sweta limechoka viwiko. Akaangalia majaketi, akashika bei, akaachia. Halafu akaiona.

"Shikamoo. Kaka, huyu ni nani?"

Ile asubuhi ya belo nilipomsimulia mchizi yale yote alikuwa anahesabu chenji, nikajua nampigia mbuzi gitaa. Sasa akaweka chini kikombe cha chai, akakohoa, sauti ikabadilika ikawa ya banda la video kabisa.

"Marahaba mdogo wangu. Huyu unayemuona hapa ndiye steringi mwenyewe, anaitwa Nyoka, mtoto wa Tukuyu huyu! Baba yake kapotelea msituni anatafuta dawa. Majambazi wanamtaka. Unaona hawa wawili? Hawa wametumwa. Nyoka kapanda mti, chini Mto Kiwira unachemka, mamba wamejaa..."

"Kiwira hakuna mamba," dogo akasema.

"Wamepakwa rangi. Tulia. Anaruka hivi, kisu mdomoni, huku punda milia wake anamsubiri ng'ambo, na yule punda siyo punda, ni farasi, ila hiyo siri usimwambie mtu..."

Watu wakaanza kusogea. Konda mmoja aliyekuwa anakimbilia stendi akasimama mguu mmoja hewani. Mama wa viazi naye karudi, debe tupu, kashika kiuno, anasikiliza. Mchizi akampandisha Nyoka juu ya Loleza, akamteremsha Kawetele, akampitisha reli ya Tazara juu ya mabehewa, majambazi nyuma. Nilipogundua kuna Sonia kaingia humo, nikajua na ya mjomba kayaiba kwenye simu niliyompigia mchana.

Halafu akanyamaza. Kamba imebaki uzi mmoja.

"Buku nne," akasema.

"Si ilikuwa tatu?" dogo akauliza, kibao cha bei kipo palepale.

"Tatu ilikuwa ya fulana."

Dogo akafungua kibegi, akatoa noti mbili za buku, jero mbili, akaanza kuhesabu sarafu za mia mia moja moja huku mama wa viazi akimhesabia kwa midomo. Zikatimia elfu tatu na mia sita. Mchizi akamwangalia, akaniangalia mimi, akazipokea. Dogo akaivaa palepale juu ya sweta la shule, NYOKA kifuani, akageuka aondoke, akarudi.

"Na kamba? Ilikatika?"

"Jumamosi," mchizi akasema. "Njoo mapema, tunachana belo."